Siku Niliyoumbuka kwa Spika Zangu Mwenyewe

Naomba nianze kwa kukiri, maana mtaa wetu mzima wa Kizota unajua, na nikikaa kimya mtasimuliwa na watu wanaotia chumvi kuliko mimi. Ni kweli, mimi ndiye yule baba aliyepiga ukunga kwenye kipaza sauti mbele ya shule nzima kwa sababu ya kuchomwa kidole. Kidole, jamani, wala si paja. Hadi leo nikipita na toroli langu la spika watoto wananipigia kelele, "B! B mlafi!" na mimi nawapungia mkono, kwa sababu aibu nimeshaibeba nikaizoea na sina mpango wa kuhama mtaa kwa ajili ya mtoto wa darasa la pili. Chekeni tu. Ila mnisikilize mpaka mwisho, maana kuna mahali katika mkasa huu ambapo mimi sikucheka na mke wangu hakucheka, na hapo ndipo ninapotaka mfike.

Mimi ni fundi spika. Nafufua spika za makanisa, za sherehe na za magari ya matangazo. Lakini nina kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyoniponza: natafsiri katuni. Mnazijua hizi katuni za Kijapani ambazo watoto wanawekewa kwenye flashi, wahusika wana macho makubwa na nywele za bluu, halafu juu yake anasikika mtu mmoja akiongea Kiswahili kwa sauti zote, ya mtoto, ya bibi, ya mbwa, mpaka ya mlango ukifungwa? Mtu huyo ni mimi. Jina langu la kazi ni DJ Uwele.

Narekodi ndani ya kabati la nguo la mke wangu, kwa sababu nje majirani wanakata vyuma mchana kutwa, na nimegundua kuwa magauni ya mama Debora yanameza kelele vizuri kuliko godoro. Naingia na kompyuta na kipaza sauti, nafunga mlango, jasho linanitoka mpaka kwenye soksi, naongea. Kijapani sijui hata salamu. Nasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne (nilichopata kwenye mtihani ni siri yangu na Mungu wangu), kwa hiyo maandishi yakinikimbia najaza mwenyewe. Nasema bila kuona haya, hiyo ndiyo kazi. Mtoto wa Kizota hawezi kukaa anaangalia mdomo wa mtu unacheza bila kusikia kitu, na mdomo ukishafunguka lazima nitafute cha kuutia.

Waliojua kuwa DJ Uwele ni mimi walikuwa wawili tu, mke wangu na binti yetu Debora, wa darasa la tatu. Nilikuwa na sababu ya kuficha. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule (nilikuwa, tutafika huko), na kwenye mkutano mmoja wazazi walisimama mmoja baada ya mwingine kumlaani huyo DJ Uwele anayewaharibia watoto, na mimi nimekaa mbele natikisa kichwa kwa masikitiko kuliko wote, mpaka mwalimu mkuu akaniomba nifunge mkutano kwa sala. Nikafunga. Nikawaombea na wale wanaopotosha watoto wabadilike.

Debora aliitunza ile siri kwa fahari kubwa, kwa sababu kichwani mwake baba yake anajua Kijapani. Sikuwahi kumwambia kwamba najua. Sikuwahi pia kumwambia kwamba sijui.

Sasa ikaja katuni moja ya shuleni, marafiki wanne, na kila baada ya muda wanaulizana kundi la damu. Baadaye nilikuja kuambiwa kuwa huko Japani watu wanaongelea kundi la damu kama sisi tunavyosoma nyota gazetini, huyu mpole kwa sababu ya damu yake, yule mbishi kwa sababu ya damu yake, na wapo wanaoamini kabisa na wapo wanaocheka tu. Mimi wakati ule sikuyajua hayo. Niliona tu maandishi yanasema fulani ni kundi B, wenzake wanaangua kicheko, nikajiuliza mtoto wa huku atacheka nini hapo. Basi nikatia chumvi. O nikampa shujaa, sauti nzito ya mchungaji wakati wa sadaka. A nikamfanya msichana msafi anayepanga viatu vya wageni mlangoni. B nikamfanya mlafi anayekula maandazi ya wenzake, na kila akipigwa analia, "Mamaaa, nakufa sijashiba!" (hiyo Mjapani hakuisema, ni yangu mwenyewe, na ilishika mtaani kuliko wimbo). Akabaki AB, msichana mkimya wa dirishani, ambaye maandishi yalisema tu kwamba haeleweki. Nilikuwa nimechoka, kabati lina joto, nikampa sauti ya nyoka. "Mimi ni AB, sssss, nina sura mbili." Ilikuwa kazi ya muda mfupi sana, nikaendelea na mengine.

Watoto mnawajua. Haukupita muda, timu za mpira mtaani zikaanza kupangwa kwa damu, O wote upande mmoja na wanaobaki wagawane goli lililovunjika. Mtoto akinyima mwenzake karanga, huyo ni B, hakuna haja ya kupimwa. Akina mama wakashangaa watoto wanapekua kadi za kliniki kabatini. Mwalimu wa darasa la tatu alikuta wanafunzi wamehama madawati, AB wa kudhaniwa tu, mtoto wa watu asiyependa kelele, ameachwa peke yake nyuma. Hayo Debora alinisimulia akicheka, na mimi nikacheka naye, na nikajisikia mtu mkubwa kidogo, niseme ukweli.

Jioni moja tunakula ugali na mlenda, Debora akaniuliza.

"Baba, wewe damu yako kundi gani? Mama ni A, imeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Ndiyo maana anapanga viatu."

Damu yangu sikuwahi kuijua. Naogopa sindano tangu utotoni, na kila nilipoweza kukwepa nilikwepa. Ningesema sijui, mambo yangeishia hapo, tungemaliza mlenda tukalala. Lakini mtoto ameniangalia, anasubiri, na mimi nikavuta ile sauti nzito ya shujaa nikasema, "O, mwanangu. Baba yako ni O."

"Nilijua!" akapiga makofi. "Basi na mimi ni O."

Mke wangu akaniangalia. "Umepimwa lini, baba Debora?"

"Zamani," nikasema, nikaongeza mboga.

Shule ikatangaza siku ya afya. Wazazi wote tuje Jumamosi, kutakuwa na wataalamu wa macho, wa meno, na meza ya kupima makundi ya damu kwa mtoto ambaye mzazi wake ameridhia. Mimi kama mjumbe nikajitolea spika, bure kabisa, na nikazifunga kwa moyo wangu wote, moja langoni, moja chini ya mwarobaini walipokaa akina mama, moja kule karibu na choo cha walimu, ili hata aliye mbali asikose tangazo. Mama yangu naye akaja kutoka kijijini Bahi apimwe macho. Alipofika uwanjani akawasalimia watu wote kwa pamoja kwa lugha ya kwao, "Mbukwenyi!" na watu wakamwitikia, akakaa karibu na mke wangu wakaanza kuongea habari za mvua iliyowakimbia.

Kwenye meza ya meno hapakuwa na mtu. Kwenye macho wazee watatu. Kwenye damu, shule nzima, wanasukumana, wanataka kuchomwa! Wataalamu walikuwa hawajawahi kuona. Nesi wa meza ile, dada mmoja mchangamfu, akaniomba kipaza sauti aitie majina maana sauti ilikuwa inamkauka, nikampelekea, nikakiweka mezani pake kikiwa kimewashwa. Sikumwonyesha swichi ilipo.

Zamu ya Debora ikafika. Akanyoosha kidole bila kupepesa (hilo alirithi kwa mama yake). Nesi akachanganya matone yake kwenye kigae cheupe cha kupimia, akatikisa, akaangalia.

"Haya mrembo, wewe ni AB."

Spika zikasema AB mpaka chooni. Na watoto, kwa pamoja, kama waliofundishwa kwaya: "Sssssss!"

"Hapana, rudia," Debora akasema. "AB ni nyoka. Mimi ni O. Baba yangu ni O."

Nesi akacheka, hana habari na katuni wala na kipaza sauti. "Nyoka gani tena? AB ni damu nzuri tu. Ila baba yako hawezi kuwa O, mpenzi. Baba akiwa O hazai mtoto AB, huyo atakuwa siyo…" Akasita. Akawa ameshachelewa.

"Ni O," Debora akasema, na safari hii alikuwa amesogea karibu na kipaza sauti. "Kaniambia mwenyewe. Baba yangu hadanganyi."

Nilidhani watanigeukia mimi, maana aliyetajwa pale nilikuwa mimi. Wakamgeukia mke wangu. Shingo zote, za akina mama, za wanakamati wenzangu, za walimu. Nikasikia mama mmoja anasema taratibu, "Eeh, jamani," na mwingine anamjibu, "Ndiyo maana yule mtoto ni mweupe." Mke wangu alikuwa ameshika kikombe cha uji. Hakukidondosha, hakuinamisha kichwa, alikishika tu hivyohivyo. Hapa ndipo niliposema sikucheka. Miaka yote ya ndoa sijamwona mke wangu akiangaliwa vile, na aliyesababisha ni mimi, kwa neno moja la kujifurahisha mbele ya mlenda.

Mama yangu ndiye aliyesimama wa kwanza. Aliyekuja kupimwa macho. "Nyie mnaangalia nini?" akauliza. "Hamyaoni hayo masikio? Hayo ni masikio ya marehemu mume wangu, na ya huyu mwanangu hapo, yamekaa kama mlango umeachwa wazi. Damu yenu inajua nini?"

Watu wakacheka kidogo, lakini kucheka kule kwa kumridhisha mzee. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mashine, kidole kiko kwenye swichi kubwa. Ningeweza kuzima. Wengi wamesema baadaye kwamba ningezima. Lakini nikajiuliza, nikizima sasa hivi, uchafu umeshatangazwa mtaa mzima, halafu jibu lake nitalitangaza wapi? Nikaacha imewaka. Nikaenda mpaka mezani nikashika kipaza sauti.

"Mimi siyo O," nikasema. "Sijawahi kupimwa. Nilimdanganya mtoto."

"Anamfichia mkewe!" akasema mtu kutoka nyuma, na safari hii watu wakacheka kwa raha zao.

Basi mke wangu akaweka kikombe chini. Akaja, taratibu, anafunga kanga yake vizuri, akaushika mkono wangu wa kushoto akauweka juu ya meza ya nesi kama anaweka nyama ya kukatwa.

"Mchome," akasema. "Mimi ni A, kadi ya kliniki inasema. Jibu silihitaji, ninalo tangu siku ya kwanza. Wasubiri wao."

Nilitaka kuwa mwanaume. Naapa nilitaka. Nilijiambia, baba Debora, hapa kuna heshima ya mkeo, uma meno utulie. Nesi akafuta kidole kwa pamba, nikaona kile kichuma kinang'aa, na mdomo wangu, uliozoea kutafuta maneno bila kuniuliza, ukaamua wenyewe. Kwa spika zote, kwa sauti ileile, tena nzuri kuliko niliyowahi kurekodi kabatini:

"Mamaaa, nakufa sijashibaaa!"

"Niko hapa, mwanangu!" akajibu mama yangu.

Halafu watoto wakalipuka. "Ni yeye! Ni DJ Uwele! Ni B!" Wakanivamia, wengine wananishika shati, mmoja ananiomba nifanye sauti ya mbwa. Na wazazi wao nyuma yao nao wakaanza kuelewa, nikaiona akili inavyowaingia, uso mmoja baada ya mwingine: kumbe ni huyu. Huyu aliyetikisa kichwa. Mwalimu mkuu akanisogelea. "Mimi nilikupa wewe ufunge kwa sala," akasema.

Nesi wa watu alikuwa bado anatikisa kigae chake. Akakiangalia, akaangalia tena, akakumbuka kipaza sauti, na Mungu ambariki, akakishika kwa makusudi akasema polepole: "Baba ni B. Mama amesema ni A. B na A wanazaa AB bila shida yoyote. Na hayo makundi ni ya kuongezewa damu hospitali. Hayajui mlafi ni nani."

Hapo mwalimu mkuu akataka niombe radhi. Nikamwambia nitaomba, na niliomba, kwa mke wangu, mbele yao, kwa jina lake. Lakini nilipomaliza sikurudisha kipaza sauti. Nikasema, ndiyo, DJ Uwele ni mimi, na kwenye kamati mnaweza kunitoa leo hii, siwazuii. Lakini mtoto aliyeamini katuni ana miaka minane. Nyie mna ndevu na vitambi, na mmeamini haraka kuliko yeye. Wote mliogeuza shingo kumtazama mke wangu, zigeuzeni tena mumtazame, mara hii kwa adabu.

Wakageuka, wangefanya nini? Naye akawaangalia mmoja mmoja, hana haraka, mpaka wao ndio wakaanza kutafuta kitu cha kuangalia chini. Yule mama wa "eeh, jamani" akamletea soda. Mke wangu hakuipokea, na mimi nampongeza mpaka kesho.

Kwenye kamati walinitoa, sawa. Kelele za "B mlafi" zilianza siku hiyohiyo. Hayo yote niliyabeba kifua mbele mpaka nyumbani, nasukuma toroli langu, naona kama nimeshinda. Nilikuwa sijaongea na Debora.

Alikuwa amekaa kizingitini, na pamba bado ameishika kwenye kidole.

"Kwa hiyo Kijapani hujui," akasema.

"Sijui."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu."

Akafikiri. "Kwa hiyo Wajapani hawakusema AB ni nyoka. Ulisema wewe."

Nimechomwa sindano siku hiyo mbele ya shule nzima, na nawaambia haikuuma hata robo ya hapo. Nilimtetea mke wangu kwa spika, nikawasema wazazi wakanyamaza, lakini kwa huyu mtoto sikuwa na wa kumsema. Kwenye katuni sauti ilikuwa yangu, na ndiyo maana aliamini kuliko watoto wote wa Kizota. Nikamwambia nisamehe. Akasema atafikiria (hiyo nayo ni ya mama yake).

Kesho yake baada ya kanisa mama Debora akafungua kabati, akatoa nusu ya magauni akayatupa kitandani, akatuangalia mimi na mtoto. "Ingieni," akasema. "Mrudie hiyo katuni. Na mlango hautafungika, kwa hiyo hizo kelele za vyuma ziingie tu."

Tukarudia yote. Picha haziwezi kubadilika, lakini midomo ni yetu. AB aliongea Debora mwenyewe, kwa sauti yake, bila sssss. "Mimi ni AB. Siongei sana. Nikikuzoea nitaongea." Sikumwandikia mimi, alisema tu mdomo ulipofunguka, kumbe kazi ameijua kwa kunisikiliza. Yule anayepanga viatu aliongea mke wangu, na akamwongezea kwamba viatu vya leo kila mtu apange vyake. Mlafi nimemwacha vilevile na maandazi yake na kelele zake, kwa sababu ndiye mimi, nina haki naye, na asiyependa asinunue.

Wapo walioniambia niachane na katuni. Siachi. Nawajua wanaosema hivyo, jioni watoto wao wanakuja kuniuliza mpya itatoka lini. Nilichoapa ni kimoja, na nimekitia kwenye katuni yenyewe ili nisikisahau. Ukifika ule mwanzo, ambapo wenzake wanamzunguka shujaa kumuuliza damu yake kundi gani, anainua uso, upepo unampiga nywele, vyuma vya Kizota vinalia nyuma yake, na mimi namjibia kwa sauti ileile nzito ya mchungaji: "Sijui. Sijapimwa."